Hafuti Mpaka Aulize

Shemeji yangu anaitwa Vumbi. Jina hilo nilimpa mimi, kwa hasira, siku ya tatu tangu ahamie kwenye duka langu la ushonaji. Nilikuwa nimemaliza koti jeusi la mteja mmoja mwenye maneno mengi, nikalitundika ukutani, nikatoka kwenda kunawa mikono. Niliporudi nikakuta koti limekuwa la mwoka mikate. Nikapaza sauti, "We Vumbi, hebu njoo uone ulichofanya!" Waliokuwa wakipita nje wakacheka, jina likamganda, na sasa hata mkewe anamwita hivyo. Sijamwomba radhi mpaka leo.

Ni mdogo wa marehemu mume wangu. Kazi yake ni kuchonga vibao vya mezani, vile vinavyokaa mbele ya wakubwa maofisini, jina juu na cheo chini. Watu wengi huvipitia macho vibao hivyo bila kuviona, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini ukikaa na mtu miaka kumi na moja, pazia tu katikati yenu, cherehani upande huu na mashine yake upande ule, utake usitake utaijua kazi yake. Na mimi nikishaijua kazi ya mtu, siwezi tena kuidharau. Namheshimu sana Vumbi. Nalisema mapema kwa sababu ulimi wangu ni mkali, na msomaji anaweza kudhani simpendi.

Zamani alikuwa fundi wa kampuni iliyokuwa ikifunga majiko ya kisasa kwenye nyumba za wenye uwezo. Meza za majiko hayo hutengenezwa kwa jiwe la kiwandani, yaani unga wa mawe uliochanganywa na gundi ngumu, ukamiminwa, ukaganda ukawa bapa. Ni zito kama jiwe na baridi kama jiwe, lakini linakatika kwa msumeno kama mbao, na rangi yake ni ileile kutoka juu mpaka ndani kabisa. Kila meza ya jiko lazima itobolewe shimo la sinki, na kipande kinachotoka pale shimoni huwa ni cha kutupwa. Vumbi alikuwa akiviomba vipande hivyo. Wenzake walimcheka, wakamwuliza kama anajijengea kaburi mapema. Kampuni ilipofungwa, kila mtu aliondoka na alichoweza. Wengine walibeba misumeno, wengine ngazi, yeye akaondoka na mkokoteni wa vipande vya mashimo ya sinki. Akausukuma mpaka mlangoni kwangu. "Shemeji," akasema, huku jasho likimtoka, "nipe kona moja tu."

Kona moja tu! Leo ana nusu ya duka, na nusu iliyobaki ina vumbi lake.

Kazi yenyewe inataka subira ambayo mimi sina. Huchukua vipande viwili, akavipaka gundi ya rangi ileile ya jiwe, akavibana kwa klampu mpaka kesho yake. Ukipitisha ukucha pale vilipoungana, huhisi kitu. Halafu huandika jina kwenye karatasi, kwa penseli, kwa mkono wake, maana anasema herufi za kompyuta zinasimama kama watu waliogombana. Akiridhika, hulihamishia kwenye jiwe, akavaa barakoa, akawasha mashine ndogo ya kuchongea na kufuata mstari pole pole, kisha pembe za herufi huzimalizia kwa patasi nyembamba. Hapo ndipo rangi huingia. Huivuta kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yenyewe, akaijaza kwenye herufi mpaka imwagike nje.

Ukikiona kibao katika hatua hiyo utalia. Rangi imetapakaa kila mahali, huwezi kusoma kitu. Mwalimu mkuu mmoja alipitia siku kama hiyo kuangalia kibao chake, akakaa kwenye benchi langu na kushika kichwa kwa mikono miwili. "Fundi, nimeteuliwa mwezi huu huu, na wewe umeshaniharibia!" Vumbi akampa maji ya kunywa na kumwambia arudi Alhamisi. Rangi ile inataka siku mbili kamili za kukauka. Ukiifanyia pupa, msasa huivuta nje ya herufi na kuitia kwenye uso wa jiwe, na hapo umejipalia makaa, unaanza upya. Lakini ukingoja, unaweza kumwaga maji juu yake na kusugua, kwanza kwa msasa mkali, halafu mlaini, halafu mlaini zaidi, maji yakitiririka meupe, mpaka rangi yote ya juu imekwenda na imebaki ile iliyokaa ndani ya herufi peke yake. Jina linajitokeza limenyooka, safi. Nimeliona jambo hilo mara nyingi sana na bado huacha cherehani nikachungulia pazia.

Yule mwalimu mkuu aliporudi Alhamisi, Vumbi hakumkabidhi kibao mlangoni. Alimketisha nyuma ya meza yangu ya kukatia vitambaa, akamwekea kibao mbele, kisha akatoka nje, akabisha hodi na kuingia ameinama kidogo kama mtu mwenye shida. Hufanya hivyo kwa kila mteja. Anasema kibao si cha anayekaa, ni cha anayeingia, kwa hiyo lazima kisomwe kutoka mlangoni na mtu mwenye wasiwasi. Mwalimu mkuu wa watu akajikuta anamwambia, "Karibu, mzazi, keti." Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Sasa, jiwe hili lina uzuri mmoja ambao maofisini wanaupenda. Jina likishapitwa na wakati, kibao hakitupwi. Unakipitisha kwenye mashine, uso unaondoka kiasi cha unene wa kucha mbili, jina linakwenda na vumbi, na unachonga lingine. Kibao kimoja kinaweza kubeba watu watano, mmoja baada ya mwingine. Fundi yeyote angewasha mashine na kumaliza. Vumbi ana sharti lake. Hafuti jina mpaka amwulize mwenyewe. Aliyehamishwa humpigia simu. Aliyestaafu humfuata nyumbani. Aliyefariki, huwauliza watoto wake. Na swali lake ni hilohilo siku zote: "Naenda kulifuta jina lako. Una neno?"

Wengi hucheka na kusema futa tu bwana. Mmoja alimshikilia kwenye simu saa nzima akimsimulia jinsi alivyoonewa kazini. Mimi niliuona ule ni upuuzi, na nilimwambia hivyo, si mara moja. Kibao ni mali ya ofisi, mwenye jina anahusika nini tena? Yeye hunisikiliza, akatikisa kichwa kama mtu anayekubali, kisha akachukua simu na kupiga.

Basi Jumanne moja asubuhi aliingia tarishi wa ofisi kubwa iliyo ng'ambo ya barabara, na kitu kizito kwapani kimefungwa kwenye gazeti. Akakifungua juu ya meza ya Vumbi. Kilikuwa kibao cha Mkuu wa Masjala, kazi ya Vumbi mwenyewe ya miaka ile ya mwanzo.

Mwenye kibao hicho mjini hapa anajulikana kama Mama Masjala. Masjala ndicho chumba cha mafaili, na mama huyo alikitawala chumba kile miaka ishirini na saba. Ilikuwa inasemwa kwamba faili likipotea mikononi mwake basi halikuwahi kuwepo. Mimi mwenyewe aliwahi kunitafutia faili la kiwanja cha marehemu, lililokuwa limenizungusha miaka minne kutoka dirisha hili hadi lile. Alilipata kwa dakika ishirini, kisha akanisuta mbele za watu kwa nini sikumfuata yeye mapema. Miezi minne kabla ya Jumanne ile alianguka kwenye ngazi za ofisi yao, akavunjika nyonga, na tangu hapo hakuonekana.

"Hili jina litoke," tarishi akasema, akatoa karatasi yenye jina la naibu wa yule mama. "Liingie hili. Kinatakiwa Ijumaa mchana, maana Jumatatu kuna kikao na mkuu mpya atatambulishwa."

"Mwenyewe anajua?" Vumbi akauliza.

"Mwenyewe yupi?"

"Mwenye jina."

Tarishi akacheka. "Fundi, asiyekuwepo na lake halipo. Yule mama harudi tena, kila mtu anajua. Halafu sikiliza, naibu amesema kikitoka vizuri, lile jengo jipya lina vyumba sitini, na kila meza inataka kibao." Akamkonyeza, akaenda zake.

Vibao sitini! Sitaki kudanganya, mimi ndiye niliyefurahi kuliko Vumbi. Vibao sitini maana yake angepata karakana yake mwenyewe, na mimi ningepata duka langu lote, na makoti meusi yangebaki meusi. Nikapiga hesabu ya siku hapohapo. Ili rangi ipate siku zake mbili na kibao kiwe tayari Ijumaa mchana, jina jipya lazima lichongwe siku ileile. Hapakuwa na nafasi ya kuzungukazunguka.

Vumbi akachukua simu. Ya Mama Masjala ilikuwa imezimwa. Akangoja, akapiga tena. Akanywa chai, akapiga tena.

"Asiyejibu amekubali," nikamwambia kutoka upande wangu wa pazia. "Washa mashine."

"Hajakubali. Hajajibu."

"Shemeji, pilipili usiyoila inakuwashia nini? Ofisi ni yao, kibao ni chao, mkuu ni wao. Wewe ni fundi. Chonga!"

Nilisikia akiweka penseli mezani. Halafu akafungua pazia, jambo ambalo huwa halifanyi bila kupiga makofi ya hodi kwanza, akanitazama.

"Shemeji," akasema, "umesahau mlango wa kaka?"

Mume wangu alikuwa mtunza ghala wa kiwanda cha sabuni. Alifariki Jumamosi. Jumatatu mimi na Vumbi tulikwenda kiwandani kuchukua vitu vyake: koti la kazi, miwani ya akiba, kikombe chake cha bati. Mlangoni, pale palipokuwa na jina lake, palikuwa na karatasi yenye jina la mtu mwingine, na gundi yake ilikuwa bado mbichi. Niliigusa kwa kidole. Hatukuwa hata tumemaliza kupokea wageni wa msiba, na wao walikuwa wameshamaliza naye. Nilisimama pale nimeshika kikombe, na nakumbuka kilichoniuma si kwamba amewekwa mwingine, maana ghala haliwezi kukaa bila mtu. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyetuambia neno.

Nilikuwa nimesahau. Au nilijifanya nimesahau, kwa sababu ya vibao sitini. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikazima pasi, nikachukua mtandio wangu. "Twende," nikamwambia. "Na wewe ukifika usiongee sana. Niachie mimi."

Tuliulizia njia kwa muuza magazeti, tukaipata nyumba nyuma ya zahanati, mlango wa bluu, ukumbi mwembamba unaoelekea jikoni. Alitufungulia binti yake, mwanamke mtu mzima mwenye uso wa kukosa usingizi. Na huko ukumbini, ameshika fremu ya chuma ya kutembelea, alikuwa Mama Masjala mwenyewe anakuja, hatua kwa hatua, anahesabu kwa sauti.

"Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na moja. Thelathini na mbili!" Akasimama, anahema, anacheka. "Ofisini kwetu kuna ngazi thelathini na mbili. Wiki iliyopita nilikuwa naishia kumi na nne. Karibuni, karibuni! Fundi wa vibao, siyo? Na wewe mama wa kiwanja! Simu yangu huyu binti ameizima, anasema nipumzike. Daktari ameniruhusu. Jumatatu narudi kazini."

Nyuma yake, kwenye msumari wa mlango, niliona sketi na blauzi vimepigwa pasi, tayari. Sisi tulidhani tunakwenda kwa mtu aliyekwisha kuambiwa, tumuage kwa heshima, turudi tukachonge. Kumbe mama wa watu alikuwa hajui lolote.

Nilikuwa natafuta maneno ya kuanzia, ya kuzungukia mbali, habari za afya, habari za watoto. Lakini Vumbi alikuwa tayari amekifungua kibao, na mama akakiona.

"Loo, wamekuletea ukisugue! Kwa ajili ya Jumatatu? Waungwana kumbe!"

Hapo mtu mwingine angedanganya. Angesema ndiyo mama, tumekuja kukuonyesha, akaondoka na kibao chake na kuiacha dunia imwambie. Mimi ningedanganya. Vumbi hajui. Yeye alikuja na swali moja, na hilohilo ndilo lililomtoka mdomoni.

"Mama, naenda kulifuta jina lako. Una neno?"

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Binti akageuka kama aliyepigwa. "Kulifuta? Nani amewatuma? Mama yangu hajafa! Tokeni!" Akamshika Vumbi bega, akamsukuma mpaka mlangoni, na Vumbi akawa anasukumika tu, kibao kifuani, anarudia, "Nilidhani wamekwambia, mama. Nilidhani wamekwambia."

"Mwache," mama akasema.

Akajishusha kwenye kiti taratibu, mkono mmoja kwenye fremu. Akamwuliza Vumbi nani ameleta kibao, lini, na jina gani linaingia. Vumbi akamwambia yote, hata ya kikao cha Jumatatu, hata ya vibao sitini. Machozi yakamtoka mama, akayaacha yatoke. Hakuwa anapiga kelele. "Barua sijapata," akasema. "Simu sijapigiwa. Huyo naibu nimemfundisha mimi, alikuja hajui hata kufunga faili." Akakitazama kibao. "Fundi, umeniuliza kama nina neno."

"Ndiyo, mama."

"Ninalo. Usilifute."

"Sitalifuta."

Hivyo tu. Vibao sitini vikaota mbawa kwa neno moja, na Vumbi hata hakumeza mate. Akaeleza kwamba kibao si mali yake, Ijumaa itabidi akirudishe ofisini kama kilivyo. Mama akajipangusa uso kwa kiganja. "Tutakirudisha wote," akasema.

Jumatano na Alhamisi Vumbi alikishughulikia kibao kile kana kwamba kimeagizwa na mfalme. Hakugusa jina. Alisugua uso wake tu, akaondoa alama ya duara ya kikombe cha chai iliyokaa pale miaka, akaondoa mikwaruzo ya funguo na mafaili, akakisugua kwa kitambaa mpaka ukakiona kimekuwa kipya. Alhamisi tarishi alichungulia mlangoni. "Kinaendelea vizuri?" Vumbi akamjibu, bila kuinua kichwa, kwamba Ijumaa watakipata. Mimi nikashona mshono mmoja mara mbili na kuufumua mara mbili.

Ijumaa saa nne tulikuwa chini ya zile ngazi. Mama Masjala alikuwa amevaa ile sketi na ile blauzi, binti yake nyuma yake kwa kumdaka akianguka, Vumbi na kibao, mimi na ile fremu ya chuma. Alishika ukingo wa ngazi kwa mikono miwili, akaanza. Hakuhesabu kwa sauti safari hii, lakini midomo ilikuwa inacheza. Kwenye ya kumi na mbili alisimama, akaukumbatia ukingo. Hapo ndipo alipoangukia. Binti akamwambia, "Mama, turudi, tutawapigia simu." Mama akavuta pumzi, akaweka mguu mzuri kwanza, akauvuta ule mbaya. Watu wakaanza kutoka vyumbani na kujipanga juu, kimya, kama mnavyosimama mnapomwangalia mtoto anayejifunza kutembea, hamtaki kusema kitu msije mkamwangusha.

Alipofika juu, blauzi ilikuwa imemganda mgongoni. Nikampa fremu yake. Akaingia masjala.

Makarani wote wakasimama. Naibu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama, meza safi, pengo la kibao likisubiri mbele yake. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati zuri, kalamu mbili mfukoni. Alimwona mama kwanza, kisha akaona kibao mikononi mwa Vumbi, akakisoma, na akakosa pa kuweka macho.

"Fundi," akasema, "si tulikwambia ufute?"

"Nilimwuliza mwenyewe," Vumbi akajibu. "Amekataa."

Karani mmoja akacheka, akaziba mdomo. Halafu mwingine. Kicheko kikazunguka chumba kizima na mkurugenzi akatoka ofisini kwake kuuliza kuna nini. Alipomwona Mama Masjala amesimama kwa miguu yake, alibaki na mkono kwenye kitasa.

"Mama! Mimi niliambiwa hutarudi tena kazini. Barua ya kukustaafisha iko mezani kwangu, inangoja sahihi."

"Umeambiwa na nani, baba?"

Naibu alikuwa anainuka kitini, pole pole, anakusanya miwani yake na simu yake. Mama akazunguka meza na kukaa. Vumbi akaweka kibao mbele yake, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akakisoma kutoka pale, akarudi na kukisogeza kidogo kulia. Hata siku hiyo hakuweza kujizuia.

Nilitegemea mama awake. Nilikuwa nimejiandaa kumsaidia matusi mawili matatu, kama yangehitajika. Lakini alizungumza kwa sauti ya chini, ya mtu anayemfundisha mtu kazi.

"Mwanangu," akamwambia naibu, "nilikufundisha kutafuta faili lolote lililomo humu ndani. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu tu, nyuma ya zahanati. Ulishindwa kunitafuta?"

Naibu akairudisha simu yake mezani.

"Kiti hiki kitakuwa chako," mama akaendelea. "Nani mwingine anakijua? Nastaafu tarehe thelathini ya mwezi wa sita, mwakani. Ungeniuliza ningekwambia. Chukua kalamu, iandike."

Naye akaiandika, amesimama, mbele ya makarani wote. Mkurugenzi akarudi chumbani kwake. Wanasema ile barua aliichana mwenyewe, lakini hilo sikuliona.

Vibao sitini vilikwenda kwa fundi mwingine. Ni vya plastiki, jina limebandikwa kwa karatasi ya gundi, na nasikia kwenye vyumba vyenye jua pembe zimeanza kunyanyuka. Vumbi hakulalamika, kwa hiyo nililalamika mimi kwa niaba yetu wote wawili mwezi mzima. Kilichomsumbua yeye kilikuwa kingine kabisa. Siku moja, tukiwa tunafagia, akasema, "Shemeji, ningeanza na salamu siku ile. Nilimwambia vibaya. Mgonjwa haambiwi hivyo."

Nikaweka ufagio chini. "Sikiliza," nikamwambia, "mimi sina tabia ya kukusifu, na usizoee. Lakini ulimfanyia yule mama kitu ambacho kaka yako hakufanyiwa na mtu hata mmoja. Kama angekuwepo angejivunia wewe. Mimi najivunia wewe." Akapita upande wake wa pazia. Nilikaa muda mrefu nikingoja kusikia mashine, sikuisikia.

Mwaka uliofuata, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, asubuhi, nilikuwa natia uzi kwenye sindano nikasikia hodi. Alikuwa Mama Masjala, na fimbo moja tu sasa. Nyuma yake alikuwa naibu, amebeba kibao kwa mikono miwili, hakikufungwa gazeti. Mama alikuwa amemwambia akibebe yeye, kuvuka barabara yote, watu wakiona. Akakiweka juu ya meza ya Vumbi na kurudi nyuma hatua moja.

Vumbi akapangusa mikono kwenye aproni. Akamsalimia mama kwanza, akamwuliza hali ya nyonga, hali ya binti, hali ya nyumbani, salamu ndefu ya kutosha watu watatu. Kisha akauliza.

"Mama, naenda kulifuta jina lako. Una neno?"

Mama akalitazama jina lake kidogo. Akapitisha kidole kwenye herufi, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Sina," akasema. "Kazi nimemaliza. Futa."

Vumbi akamsogezea kiti karibu na mashine, akampa barakoa, naye mama akakaa palepale akiangalia mpaka herufi ya mwisho ikaisha.